Siku ya Makoti Saba

Haya yalimpata mama yangu mdogo, Rashida, huko Koboko, mwaka juzi. Alinieleza mwenyewe, mchana, huku akipepeta simsim, na hakuinua sauti hata mara moja. Mtu anayetunga hukutazama usoni aone kama umeamini. Yeye alitazama ungo.

Siku ile ilianza vizuri. Ilikuwa Siku ya Makoti. Kwenye njia ya Oraba kuna shule ya zamani iliyofunguliwa kwa ajili ya watoto wa askari, na sare yake ya kwanza ilishonwa kwa makoti makuukuu ya jeshi: khaki nzito, ukosi mwekundu, vifungo vya shaba. Yalikuwa manane. Yamebaki saba. Siku moja kila mwaka watoto saba huvishwa makoti hayo na kuachiwa mji. Lori likiwaona lazima lisimame. Sokoni huchukua tunda moja kwenye kila meza. Saa sita mchana huingia nyumba waitakayo bila kupiga hodi, nao hulishwa kabla ya wenye nyumba.

"Leo sisi ndiyo wakubwa!" mmoja wao alimwambia muuza ndizi.

"Kula tu, mkubwa," mama yule akamjibu. "Kesho koti ikitoka, mimi na wewe tutaonana."

Haki hizo ni za tangu zamani. Katazo moja liliongezwa baadaye: mtoto mwenye koti haulizwi ni wa nani. Koboko hilo ndilo swali la kwanza kwa mtoto yeyote, hata kabla ya jina. Lakini mwaka ule wa vita, watu walipokimbilia Kongo na Sudan, bunduki zilisikika siku hiyohiyo ya makoti, saa hiyohiyo ya chakula, watoto wakiwa wametawanyika katika nyumba za watu. Kila nyumba ilikamata wa kwake. Waliotoka vijiji vya mbali walisimama milangoni, wakaulizwa swali lile. Wasiokuwa wa mtu waliachwa hapo.

Mwaka juzi Sadiya, mjukuu wa mama mdogo, alikuwa miongoni mwa wale saba. Ana miaka kumi na mmoja. Mama yake alifariki kabla yeye hajaota meno, na nyumbani mle wanaishi wawili tu, bibi na mjukuu. Mama mdogo hana mwingine.

Alisonga asida, ugali wa kule, akapika majani ya kunde kwa simsim, akapanga sahani saba juu ya mkeka. Watoto wakaingia. Hata Sadiya aliingia kama mgeni, kidevu juu, bila salamu, na bibi yake akajizuia kucheka. Akawamiminia maji ya kunawa, mikono ya mmoja baada ya mwingine. Akafika wa saba. Mikono mingine ikaja chini ya birika.

Akainua macho. Saba walikuwa wameketi. Mmoja alikuwa amesimama karibu na mlango, mdogo kuliko wote, hana sahani. Kosi za wenzake zilikuwa zimepauka kama nyama ya pera. Ukosi wake ulikuwa mwekundu, kana kwamba umetiwa rangi jana.

Palikuwa na joto. Palikuwa na moshi. Mdomo ukasema wenyewe.

"Wewe mtoto ya nani?"

Mikono ikasimama ndani ya sahani. Sadiya akatikisa kichwa, polepole.

Mtoto yule akainua uso.

"Ya kwako," akasema.

Nje ikalia filimbi ya Mwalimu Andama, mtunza makoti wa shule ile, na watoto wote wakainuka kwa pamoja. Mama mdogo akawafuata hadi kwenye uzio, akawahesabu. Saba. Akahesabu tena. Saba. Alimshukuru Mungu, akarudi kuosha vyombo.

Saa kumi Sadiya alirudi, amevaa gauni lake la kila siku. Akasimama kizingitini.

"Mbona hauingii?"

"Niingie?"

Akaingia, akasimama tena. Akauliza maji yako wapi. Mtungi wa maji Sadiya huujaza mwenyewe kila asubuhi. Akanywa, akafuta mdomo.

"Asante, mama."

Sadiya hajawahi kumwita mama. Humwita haboba, kama bibi wote wanavyoitwa kule.

"Jina yako nani?"

"Sadiya," akajibu, taratibu, kama anayesoma ubaoni.

Mama mdogo akamshika mkono. Mkono ulikuwa wa Sadiya. Kovu la kuungua kidoleni lilikuwa la Sadiya. Wakaenda shuleni. Mwalimu Andama alikuwa anakunja makoti na kuyarudisha sandukuni. Alipouona uso wa mtoto, akaacha.

"Mama, uliuliza," akanong'ona.

"Niliuliza."

"Amejibu?"

"Amejibu."

Akamvuta pembeni. "Mwalimu wa zamani alinifundisha. Kabla jua kuingia, mwambie: wewe si ya kwangu. Ataenda."

"Na Sadiya? Kama iko pale ndani, anasikia?"

Andama akatazama jua.

"Tena, mwalimu, hiyo neno nilishasema. Mwaka ya kukimbia. Nilikuwa na mtoto mgongoni. Huyu alisimama mlangoni na koti yake. Nikamwuliza iko ya nani, akanyamaza. Nikamwambia basi, si ya kwangu. Nikakimbia."

Mama mdogo alikuwa msichana wa miaka kumi na minane wakati huo. Mimi sijui ningefanya nini.

Jua lilikuwa linashuka upande wa Kongo. Akapiga magoti uwanjani, mbele ya mtoto. Uso wa Sadiya ukamtazama. Akikosea neno, atarudi nyumbani peke yake.

"Wewe ya kwangu," akasema. "Na Sadiya ya kwangu. Wote wawili. Hakuna atabaki mlangoni."

Mtoto akavuta pumzi ndefu. Akaketi chini. Ndipo akaanza kulia.

"Haboba, miguu inauma. Nimesimama sana."

Wakarudi nyumbani. Ningependa kusema yaliishia hapo.

Mwaka huu, mvua zilipoanza, Betty, mhudumu wa afya wa kijiji, alipita nyumba kwa nyumba akiandika watu wa kupewa vyandarua, kimoja kwa watu wawili. Mama mdogo alikuwa sokoni, Sadiya shuleni. Bibi aliporudi alikuta vyandarua viwili mlangoni. Akaenda kurudisha kimoja.

"Betty, sisi watu wawili tu."

"Watatu, mama. Yule mdogo alinijibu mwenyewe, akiwa ndani." Akamwonyesha karatasi. Rashida. Sadiya. Mstari wa tatu haukuwa na jina. "Jina amekataa. Amesema tu, iko ya kwako."

Mama mdogo hakukirudisha. Alikitundika pembeni, juu ya mkeka mdogo ambao hakuna anayeulalia.

Ijumaa iliyopita nilitoka Arua nikalala kwao. Asubuhi nilikwenda kukitazama. Kilikuwa kimechomekwa chini ya mkeka pande zote nne, vizuri, bila kuacha upenyo wa mbu.

Kilikuwa kimechomekwa kutoka ndani.