Suruali Nyepesi Mkobani mwa Bibi

Kila Jumapili, tukishakula mkate na jibini ya kahawia, mimi na mjukuu wangu Eirin hupanda mlima ulio nyuma ya nyumba. Huku kwetu mvua haimzuii mtu. Kileleni kuna sanduku la bati lenye daftari, na kila anayefika huandika jina lake. Marehemu mume wangu, Torleiv, aliliandika lake humo mara ya mwisho wiki moja kabla hajafa. Jumapili moja, Eirin, ambaye wakati huo alikuwa bado hajawahi kufika kileleni, alitaka sana kuona mwandiko ule. Daftari lilikuwa limejaa, na Jumatatu lingechukuliwa kupelekwa mjini.

Nilimtundikia mlangoni suruali nyepesi ya kuzuia upepo, aivae juu ya ile ya sufu. Aliishika kwa vidole viwili.

"Bibi, hii si karatasi ya kufungia maandazi? Mvua itanicheka."

Akavaa suruali nzito ya mpira, ile ya kwenye mashua. Nilimwonya kwamba mpira hautoi jasho nje, akasema naongea kama redio. Nikaikunja ile nyepesi, nikaitia mkobani pamoja na nguo kavu za sufu.

Kwenye daraja la mbao nilimuuliza kama amelowa jasho ndani. Akasema ni mkavu kabisa, ingawa uso ulikuwa mwekundu na nywele zimemganda shingoni. Kwenye zizi la zamani nikauliza tena. Jibu lile lile.

Tulipotoka kwenye miti, upepo ukatupiga. Hatua mia mbili kabla ya sanduku, Eirin aliketi juu ya jiwe, midomo imekuwa ya buluu.

"Nimelowa tangu darajani, Bibi. Niliogopa utanirudisha."

Nikamvua, nikamvisha sufu kavu na suruali nyepesi, nikamnywesha chai. Aliitazama ile suruali. Baridi ilikuwa imeshamwingia mno, tukageuka. Aliangalia nyuma mara tatu, lakini ukungu ulikuwa umefunika kilele.

Jumapili iliyofuata mvua ilinyesha vilevile. Aliivaa ile nyepesi bila kuambiwa. Ililowa, ikamkaukia mwilini akitembea. Sandukuni tulikuta daftari jipya. Akaandika jina la babu yake, kisha lake.

Tukishuka, aliniuliza kama bado nina hasira ya Jumapili ile.

"Kukosea suruali si kitu, mjukuu wangu," nilimwambia. "Darajani ungesema kweli, ungebadili kwa dakika tano, na mwandiko wa babu yako ungeuona."

Alinishika mkono mpaka nyumbani.