Vumilia Kwenye Njia ya Mawe

Kila asubuhi Loveness alimsukuma rafiki yake Vumilia kwenye kiti mwendo hadi shuleni. Zamani tope liliwasumbua getini. Kisha wazazi wa kijiji chao cha Mwakitolyo walibeba mawe kutoka kwenye mashimo ya dhahabu, wakayapanga toka getini hadi madarasani na chooni. Aliyewaongoza ni Bujiku, baba yake Vumilia, na kila mtu alimsifu.

Njia ilipendeza kwelikweli. Lakini mawe yalikuwa ya mviringo, na magurudumu madogo ya kiti yalizama katikati yake. Loveness alisukuma, akavuta, akatokwa jasho.

"Tumwambie baba yako," alisema.

"Thubutu! Amechubuka mikono kwa ajili yangu. Nitamwambiaje kwamba njia yake imenifunga?"

Basi wenzake walipocheza rede, Vumilia alibaki darasani akiwatazama dirishani. Ili asihitaji choo, aliacha kunywa maji kutwa nzima, tena kwa jua lile la Shinyanga! Alijiona mfungwa, tena mfungwa anayetakiwa kushukuru.

Haikupita muda, akashikwa na homa na maumivu makali ya tumbo. Baba yake akamkimbiza zahanati.

"Ana maambukizi ya njia ya mkojo. Shuleni unakunywa maji, binti?" muuguzi Rhoda aliuliza baada ya kupima mkojo.

Vumilia akaangua kilio. "Sinywi. Naogopa kwenda chooni. Kiti kinakwama kwenye mawe yako, baba. Nisamehe."

Bujiku alimshika binti yake mkono. Maneno yale yalimuuma, na uso wake haukuficha.

"Lori likipita juu ya mawe yale hayatikisiki," alisema, "na mvua haiyachukui. Nilifikiria hayo tu. Kiti chako sikukifikiria."

Vumilia alipopona, wazazi waling'oa mawe ya katikati, wakapanga pevingi, vile vitofali bapa vya saruji vinavyobanana bila mwanya. Mawe yakabaki pembeni kuzuia mmomonyoko. Vumilia akazungusha magurudumu mwenyewe hadi chooni na kurudi, huku Loveness akimfuata mikono mitupu, akicheka.

Bujiku akachuchumaa mbele ya binti yake.

"Mayu, mama yangu, mimi nilikosea kwa kutojua. Wewe ulijua, ukanificha, nusura nikupoteze. Nishukuru, lakini kinachokuumiza niambie, hata kama nimekijenga mimi."

"Nimekuelewa, baba."

Akampa chupa ya maji. Vumilia akanywa yote.