Ini la Eliud

Maiti ya Eliud ilikuwa ya njano. Macho ya njano, viganja vya njano, hata kucha. Sajini Kahigi aliitazama, akavua kofia, akatangaza kwa sauti ya kutosha gwaride zima:

"Sumu."

"Umejuaje?" aliuliza Inspekta Placida.

"Kijiji kizima cha Isingiro kinajua, Afande."

Kwa ushahidi huo mzito, mke wa marehemu, Kokushubira, aliwekwa mahabusu. Aliyemshtaki ni baba mkwe wake, Mzee Jovitus. Vijana wa kijiji walikuwa wameshang'oa mlango wa nyumba ya Kokushubira. Walisema akirudi kabla polisi hawajapata jibu, wataichoma naye akiwa ndani.

Polisi walipekua jiko kwa umakini mkubwa. Walikamata sufuria moja, mwiko mmoja, na kuku aliyekula makombo ya mlo wa mwisho wa marehemu. Kuku alikaa chini ya ulinzi siku tatu. Hakufa. Alitaga.

"Ulimpa nini mumeo?" Inspekta alimuuliza Kokushubira.

"Ndizi na maharage. Homa ilipozidi, uji."

"Na nini?"

"Maji."

"Usinizungushe! Na nini?"

"Afande, ningekuwa na sumu ningeinywa mwenyewe kuliko kulala humu na mbu wenu."

"Dawa za kienyeji?"

"Hapana. Vidonge vya zahanati tu. Hivyo alikuwa anapewa na baba yake."

Kahigi hakuliandika jibu hilo. Alikuwa anatafuta sumu.

Maabara ilipima mabaki ya chakula na vilivyokuwa tumboni. Hakukuwa na sumu ya panya wala dawa ya kunyunyizia kahawa.

Siku ya kumi na mbili tangu kifo, Daktari Beata alimwita Inspekta hospitalini. Eliud alipoletwa hapo, kabla hajafa, watafiti walikuwa wamemwomba damu, naye akakubali.

"Ini ni bubu," alisema daktari. "Lakini chembe nyeupe za damu hupita humo kila wakati. Likiumia, utendaji wa jeni ndani ya chembe hizo hubadilika: nyingine zinaamka, nyingine zinanyamaza. Sisi tunasoma zipi zimeamka. Virusi vina mpangilio wao. Dawa ina wake."

"Na hii?"

"Dawa. Mpangilio unafanana sana na wa parasetamoli, dawa ya homa, iliyomezwa nyingi mno, siku kadhaa mfululizo. Dawa yenyewe ilishatoka mwilini, alama imebaki. Ila ni kipimo cha utafiti, Afande. Hakitoshi mahakamani. Kinakuonyesha pa kutazama."

"Kingemwokoa?"

"Kinafanyika mbali. Majibu yalipofika, Eliud alikuwa na siku tisa kaburini."

Wote wawili waliitazama karatasi ya majibu. Ilikuwa karatasi nzuri, yenye michoro ya rangi, na haikuwa na la kumfanyia mtu yeyote.

Inspekta alikwenda Isingiro na Kahigi, Kokushubira akiwa garini, ili avitambue vidonge. Mzee Jovitus alikuwa akianika kahawa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Amekiri?"

"Bado. Naomba kuona vidonge vya Eliud."

Mzee alileta bahasha ndogo ya zahanati, na karatasi sita tupu za vidonge vya dukani.

"Hivi vyote ni vya homa ile moja?"

"Vya kwanza viliisha siku hiyohiyo, nikanunua vingine. Mwanangu hakukosa dozi hata moja."

"Ulimpa vingapi kwa mara moja?"

"Sita."

"Nani alikwambia sita?"

"Imeandikwa." Kwenye bahasha, kwa kalamu ya bluu: 2 x 3. "Mimi sijawahi kumeza kidonge, Afande, lakini shule nilikwenda. Mbili mara tatu, sita. Na muuguzi alitamka mwenyewe: kutwa mara tatu. Basi asubuhi sita, mchana sita, jioni sita."

Kahigi alifungua mdomo. Inspekta akamkanyaga mguu.

"Mzee, maana yake ni vidonge viwili, mara tatu kwa siku. Basi."

Mzee aliigeuza bahasha, kana kwamba nyuma kuna namba nyingine.

"Mbili mara tatu si sita?"

"Ni sita, mzee."

Alikaa chini, juu ya kahawa yake.

"Alikuwa anatapika. Nikamwambia, ukitapika nakupa vingine. Nina mtoto mmoja tu, Afande. Nilitaka apone upesi."

"Mbona ulimshtaki mkewe?"

"Dawa yote alimeza, na bado akafa. Ningemdhania nani?" Akanyoosha mikono yote miwili. "Nimemuua mimi. Nifunge. Mfungueni huyo mtoto wa watu."

Inspekta alitoa pingu. Akazishika tu. Kahigi akafungua mlango wa gari.

"Kokushubira, uko huru."

Kokushubira alishuka. Alikuwa amesikia yote. Hakumtazama mzee.

"Msimfunge peke yake," alisema. "Kikombe cha maji nilishika mimi. Eliud alisema vidonge ni vingi. Nikamwambia meza, mume wangu, baba amesoma."