Sahani ya Pili

Kila jioni Nzembi alipakua ugali kwenye sahani mbili. Moja aliila, nyingine akaifunika. Mama yake alikuwa mpishi katika hoteli moja mjini Voi, na alirudi Nzembi akiwa tayari amelala. Tangu wahamie kutoka Njukini, msichana huyo hakuwa na mtu wa kupiga soga naye. Upweke ulimkaa rohoni.

Shuleni, Gredi ya Saba walisoma hadithi kwenye vishikwambi. Programu yao iliwawezesha kupaka sentensi rangi na kuandika maoni pembeni, kundi zima likiyaona. Hadithi ya wiki hiyo ilimhusu bibi aliyeishi peke yake, lakini kila siku aliandaa sahani mbili.

"Huyu bibi ni msahaulifu tu," alisema Wakio, kiongozi wa kundi, huku akiandika. Wengine wakaandika vivyo hivyo.

Nzembi alijua sivyo. Aliandika: "Hajasahau. Anataka mtu wa kula naye. Najua, kwa sababu nami hupakua sahani mbili, moja yangu na moja ya mama." Je, wakimcheka? Ndio kwanza walikuwa wamempa nafasi kwenye dawati lao. Akafuta yote, akaandika: "Ni msahaulifu." Bendera hufuata upepo.

Mwalimu Obadiah aliiagiza programu ihesabu maneno. "'Sahani' limetokea mara kumi na nne," alisema. "Mbona mwandishi analirudia hivyo?"

Kengele ilipolia, alimwita Nzembi kando. "Programu huniwekea hata yaliyofutwa. Ulifutia nini?"

"Niliogopa watanicheka, Mwalimu." Machozi yalimlengalenga.

"Sitakulazimisha kuyarudisha. Ni yako."

Nzembi alirudi kwenye kishikwambi. Aliandika upya neno kwa neno.

Kesho yake alikuta jibu la Wakio chini ya maoni yake: "Tulisoma mbiombio. Leo jioni uje ule kwetu. Beba sahani ya mamako, tutampakulia."

Nzembi alilisoma mara tatu, akatabasamu.

Mwalimu Obadiah aliwasomea darasa zima maoni hayo, baada ya Nzembi kumruhusu. "Mashine imetuhesabia sahani kumi na nne," alisema, "lakini mashine haijawahi kula peke yake. Maana ya hadithi tumeipata kwa mwenzenu. Usifute ukweli unaoujua ili ufanane na wengine. Huenda ndio wanaoungoja."