Chaguo la Kwanza la Fundi

Foleni ilikuwa imetoka nje ya duka na kupinda kona hadi mbele ya saluni ya jirani. Ilikuwa wiki ya kwanza ya maombi ya vyuo vikuu, na duka lile la fotokopi, lenye kompyuta mbili na feni moja inayolalamika, lilijaa watu waliokumbatia bahasha za vyeti.

Kwenye kompyuta ya pili aliketi kijana mrefu, shati lake jeupe limepigwa pasi hadi mikono ikasimama. Wateja walimwita Profesa, kwa kuwa hapakuwa na swali la chuo lililomshinda: kozi ipi yataka alama ngapi, kampasi ipi ina mabweni. Kila alipoitwa hivyo aliinamisha macho kwenye kibodi. Watu walidhani ni unyenyekevu, kumbe ilikuwa aibu. Miaka miwili iliyopita alikuwa mwanafunzi wa shahada ya Hisabati. Alifeli mitihani ya mwaka wa pili, akaondolewa chuoni. Hapo dukani hakuna aliyelijua hilo.

"Profesa, nihudumie upesi. Nimeacha mteja amevaa nguo nusu."

Aliinua macho. Mbele yake alisimama mwanamke wa miaka ishirini na sita hivi, amevaa gauni la bluu lenye kola nyeupe, lililomkaa kama limezaliwa naye. Tepu ya kupimia ilining'inia shingoni, na pini tatu zilikuwa zimechomekwa kifuani.

"Nusu ipi?" Profesa aliuliza.

Foleni nzima ikacheka.

"Hilo swali limo kwenye fomu?" alijibu yule fundi cherehani bila kutabasamu. "Kama limo, andika: mkono wa kulia bado."

Profesa alipokea vyeti vyake na kujumlisha alama. "Kumi na moja."

"Kumi na mbili. Umeruka Fizikia."

Akarudia. Zilikuwa kumi na mbili. "Samahani, Fundi."

"Na bado wanakuita Profesa!"

Watu wakaangua kicheko tena, naye akacheka pamoja nao, na tangu saa ile hakuweza tena kumtazama mwanamke yule kama mteja wa kawaida.

"Unaomba kozi gani?"

"Hisabati au Takwimu. Niliacha shule mapema, baba alipofariki. Nimesoma jioni miaka minne nikafanya mtihani peke yangu, kwa hiyo sina mwalimu wa kumuuliza. Nieleze wewe tofauti yake."

Profesa alifikiri. "Takwimu ni elimu ya pengine, ila ni pengine iliyopimwa vizuri. Hisabati ni elimu ya lazima."

Fundi aliishika tepu iliyokuwa shingoni. "Mafundi wengi hukata sketi ya mduara kwa kukisia, kisha hutia mikunjo pale walipokosea. Mimi kiuno cha sentimita sitini na sita nakizidisha kwa saba, nagawanya kwa arobaini na nne. Napata kumi na nusu, nachora duara, nakata. Haijawahi kunikosea hata siku moja. Nataka kujua kwa nini haikosei." Akagonga meza kwa kidole. "Maisha yangu yote yamekuwa pengine. Andika Hisabati chaguo la kwanza. Takwimu iwe la pili."

Hata hivyo cheti chake cha kuzaliwa hakikuwapo, kwa hiyo fomu ilihifadhiwa bila kutumwa. Akarudi kesho yake kuuliza kama anaweza kuleta nakala. Akarudi siku ya tatu kuuliza jambo alilokwisha kulijua. Siku ya nne ni Profesa aliyekwenda kwake, katika chumba cha mafundi watatu juu ya duka la viatu, akiwa na suruali isiyohitaji kupunguzwa.

"Suruali hii imekutosha," Fundi alisema.

"Ipunguze kidogo."

"Wapi?"

"Popote panapochukua muda mrefu."

Mafundi wenzake wawili walisimamisha cherehani zao ili wasikie vizuri.

Katika majuma matatu yaliyofuata walipigiana simu asubuhi kabla ya kazi, na tena mchana wakati wa chakula. "Umekula, laazizi?" "Ninakula." "Unakula nini?" "Sauti yako, na bado nina njaa." Fundi akawa amejifunza hatua za mwenzake kwenye ngazi. Jambo moja tu Profesa hakulisema. Alimwacha Fundi aamini kwamba alisoma Hisabati akamaliza, akakosa kazi.

Cheti cha kuzaliwa kilipatikana siku ya mwisho ya maombi. Fundi alikipeleka dukani akarudi mbio kazini, na alasiri simu yake ikalia.

"Mpenzi, fomu iko tayari. Umetumiwa namba sita za uthibitisho. Nisomee."

Alikuwa na kitambaa chini ya sindano na mguu kwenye kanyagio. Angeweza kuuliza, "Umehakiki machaguo yangu?" Hakuuliza. Alimsomea namba zote sita kwa sauti ya furaha, kama mtu anayesoma majina ya wanawe.

Dukani, Profesa aliitazama fomu. Chaguo la kwanza, Hisabati. Mwaka uliopita idara ile ilikuwa imehamishiwa kampasi mpya, safari ya siku nzima kwa basi. Takwimu ilifundishwa hapahapa mjini. Akaiona korido ya siku ile alipotafuta jina lake kwenye orodha ya waliofaulu, akalikosa, akasoma tena kutoka chini kwenda juu. Alijiambia kuwa anamwepusha na korido ile. Aliyapindua machaguo mawili yale, akaingiza namba sita, akatuma.

Majibu yalikuja baada ya mwezi. Fundi alimpigia simu akinong'ona.

"Wamenipa Takwimu."

"Hongera, mpenzi wangu!"

"Hongera gani? Hisabati wamenikataa." Akageukia ukutani. "Nimewatangazia mafundi wenzangu tangu siku ile kwamba naenda Hisabati. Sasa nitawaambia nini? Kumbe alama zangu ni za kuchekesha."

Maneno ya ukweli yalifika kwenye ulimi wa Profesa. "Takwimu nayo ni nzuri," ndiyo yaliyotoka. "Na utakuwa karibu nami."

Juma lile alimkuta Fundi ameinamia kitambaa cha mteja, kiuno sentimita sabini na saba. Alikuwa ameandika jibu: kumi na mbili na robo. Lakini hakukata. Alimwita fundi wa kando yake.

"Dada, hebu nihakikishie hesabu hii. Sijiamini."

Dada yule hakuwahi hata siku moja kupiga hesabu ya sketi. Profesa alisimama mlangoni, akatamani sakafu impokee. Aliteremka ngazi bila kuaga.

Jumapili iliyofuata Fundi alimkaribisha nyumbani. Mama yake, mfanya usafi wa hospitali, alikuwa ametandika kitambaa kipya mezani. Alimpakulia mgeni kwanza, akamjazia sahani.

"Kula, baba. Huyu mwanangu hakuwa na mtu wa kumshika mkono katika mambo ya chuo. Umekuwa macho yake."

"Mama, usimsifu sana, atavimba," Fundi alisema, akimkanyaga mguu chini ya meza kwa utani.

"Acha nimsifu. Hata kama hao wa Hisabati wamemkataa, nilimwambia, mwanangu, riziki ya mtu haipotei. Pengine waliona ni mzito kidogo. Si dhambi."

Fundi aliinamisha kichwa. Profesa aliona masikio ya mwanamke yule yakipata joto la fedheha, mbele ya mama yake mzazi, kwa kosa ambalo hakulitenda. Akaweka kijiko chini.

"Hawakumkataa, mama," alisema. "Hawakuulizwa."



"Unasema nini?" Fundi aliuliza.

"Niliyageuza machaguo yako. Niliweka Takwimu kwanza. Uliponisomea namba sita, niliyageuza kwanza ndipo nikaziingiza." Akamtazama Fundi usoni. "Na mimi sikumaliza chuo. Nilifeli Hisabati nikaondolewa. Niliogopa itakufanyia kama ilivyonifanyia. Na kampasi iko mbali."

"Ulinihurumia mimi, au ulijihurumia wewe?"

Profesa aliitazama sahani yake.

"Siku zote hizi," Fundi alisema polepole. "Siku zote hizi umenitazama nikijiona mjinga, ukaniambia umekula, laazizi?"

Mama aliinuka. Hakupaza sauti. Aliiondoa sahani ya mgeni mezani, ingali imejaa, na hilo lilimchoma Profesa kuliko tusi.

Tangu siku ile Fundi hakupokea simu zake. Profesa alipiga asubuhi, akapiga mchana. Iliita hadi ikakata. Mwisho akatuma ujumbe mmoja: "Kuhamia kozi nyingine kunaruhusiwa hadi Ijumaa saa sita mchana. Ni kwenye kampasi ya Hisabati, kwa mkuu wa idara, ana kwa ana." Haukujibiwa.

Siku ya Jumatano alimweleza mwenye duka kila kitu, kwa sababu alihitaji ruhusa na kwa sababu alikuwa amechoka kuitwa Profesa. Mwenye duka aliizima kompyuta ya pili. "Ukirudi, kompyuta usiiguse. Utasimama kwenye mashine ya fotokopi. Ile hainakili isipokuwa ilichopewa."

Ijumaa, saa nne na nusu asubuhi, alibisha mlango wa mkuu wa idara akiwa na barua mkononi. Akaufungua. Fundi alikuwa ameketi mle ndani, na gauni lake la bluu lilikuwa na mikunjo ya safari ya usiku kucha.

Mkuu wa idara, mama mwenye miwani mizito na mvi zilizochanwa nyuma, alikuwa akizungumza. "Binti, kila mwaka watu huja hapa wakidai hawakuchagua walichochagua. Bila ushahidi siwezi..." Akamwona aliyesimama mlangoni. Akavua miwani. "Wewe nakukumbuka."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Safu ya nyuma, karibu na dirisha. Umefuata nini?"

"Ushahidi anaouhitaji ninao mimi. Nimeuandika."

Alinyoosha barua. Mkuu hakuipokea.

"Isome. Kwa sauti."

Aliisoma akiwa amesimama, mbele ya mwanamke aliyemkosea na mwalimu aliyetia saini barua ya kumwondoa. Alisoma kwamba aliaminiwa akavunja uaminifu. Kwamba mwombaji hakujua. Kwamba yeye mwenyewe alifeli katika idara hii. Sentensi ya mwisho aliisoma mara mbili, ili isikike.

Mkuu aliichukua barua, akaiambatisha kwenye faili, akamgeukia Fundi. "Kwa nini Hisabati?"

Fundi alieleza kuhusu sketi ya mduara. Mkuu alimpa karatasi, akamwambia aonyeshe kwa nini ni saba na arobaini na nne. Fundi aliandika kwa dakika ishirini. Alifuta mara mbili. Alipokwama aliinua kichwa na kusema wazi, "Hapa nimekwama. Hii ishirini na mbili juu ya saba ni sawa kabisa, au ni karibu?"

Mkuu alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Ni karibu tu. Na swali hilo ndilo nililokuwa nikilingojea." Akamsogezea fomu ya uhamisho. Kisha, bila kumtazama kijana, akasema: "Wewe hukuwa mjinga. Ulikuwa unaona haya kuuliza. Miaka miwili hukunyanyua mkono hata mara moja. Dirisha la kuomba upya litafunguliwa mwakani. Utaanza mwaka wa kwanza."

Fundi aliijaza fomu kwa mkono wake, akaisoma mara tatu, akatia saini.

Nje, kwenye ngazi za jengo, walisimama hatua mbili mbali.

"Sijakusamehe," Fundi alisema.

"Najua."

"Barua uliiandika mara ngapi?"

"Saba. Sita za kwanza zilikuwa zinajitetea."

Fundi alitaka kucheka, akajizuia. "Mwakani utaomba?"

"Nitasoma na watoto wa umri wa wadogo zangu. Na wewe utakuwa mwaka mmoja mbele yangu."

"Utaona haya?"

"Sana."

"Vizuri. Ona haya ukiwa darasani, umenyanyua mkono."

Basi la kurudi mjini lilikuwa limebakiza viti viwili, kimoja mbele, kingine nyuma kabisa. Fundi alikaa cha mbele, dirishani. Gari lilipokwisha kutoka kituoni, simu yake ikalia. Akalitazama jina kwenye kioo, akaiacha iite mara nne, kisha akaiweka sikioni.

"Fundi, ni mimi. Nina swali."

"Uliza."

"Nikija huku mwakani, nitakukuta ungali na nafasi ya mtu kama mimi?"

Zamani Profesa angeharakisha kuongeza neno, angejijibia mwenyewe kwa niaba yake. Safari hii alingoja. Fundi alitazama nyumba za mji ule zikiisha na mashamba yakianza. Nyuma kule, abiria wa pembeni alimwona kijana ameshika simu kwa mikono miwili, macho ameyafumba, akisikiliza pumzi za mtu.

"Sijui," Fundi alisema hatimaye. "Hilo ndilo jibu langu la kweli kwa leo."

"Nimelisikia."

"Lakini usikate simu."

Hakukata.