Kona Hadi Kona

Kila Jumamosi, kabla mashine hazijawashwa, Chiriku alifagia karakana ya mbao ambamo mama yake alifanya kazi. Jina hilo la ndege alibandikwa kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Aliongea akipiga mswaki, aliongea akivaa viatu, na akikosa wa kuongea naye aliusemesha ufagio.

Katikati ya karakana ilikaa mashine kubwa ya kuchonga mbao. Ilikuwa na meza pana ya chuma, na juu yake daraja lililovuka kutoka upande huu hadi ule. Kompyuta ikiamuru, mikanda yenye meno, mmoja kila upande, ililivuta daraja mbele na nyuma, na kisu kilichoning'inia hapo kikakata ubao. Mama alijifunza kuiendesha katika masomo ya jioni, mwaka mzima, akienda na daftari na kurudi na usingizi. Kabla ya hapo alipiga msasa kutwa, mpaka ncha za vidole vyake zikawa laini kuliko mbao zenyewe.

Sheria ya mashine hiyo Chiriku aliijua kwa moyo: mtu mmoja halisukumi daraja. Ikibidi, wasukume wawili, mmoja kila upande, waende sawa.

Asubuhi hiyo watoto wenzake walikuwa uani na kamba ya kuruka.

"Chiriku, unafagia au unalipikia uji hilo vumbi?"

"Nakuja! Hesabuni hadi hamsini."

Maranda yalikuwa yamejaa nyuma ya daraja. Kuizunguka meza ilikuwa hatua kumi tu, lakini huko nje walishafika thelathini. Chiriku alilisukuma daraja kwa nyonga, upande wa dirishani. Likagoma. Akaongeza nguvu.

Tak.

Alichungulia juu na chini. Hakuna kilichovunjika. Akakusanya maranda mbiombio, akatoka mbio.

Hakuruka vizuri siku hiyo. Kila mashine iliponyamaza ndani, mguu wake ulinasa kwenye kamba. Ilinguruma, ikanyamaza. Ikanguruma tena, ikanyamaza. Mwishowe aliwaachia wenzake kamba, akaingia.

Mama alikuwa ameinamia kabati la vitabu. Makabati hayo yalikuwa ya shule, na mwalimu angekuja kuyachukua saa tisa alasiri. Yote yalikuwa tayari isipokuwa milango. Mlango wa kwanza ulikwaruza kona ya juu, na chini ukaacha mwanya wa kupitisha rula. Mama alibadilisha kisu. Alikaza vibanio vya ubao. Alikata mlango wa pili. Mwanya ukawa uleule.

"Upana sawa, urefu sawa," alisema, akiirudisha tepu. "Sasa mbona haukai?"

Chiriku alijua. Au karibu alijua.

Fundi mkuu alikuja na penseli yake sikioni. Mafundi walimwita Milimita, lakini si mbele yake.

"Upana na urefu vinaweza kukudanganya, mwanangu," alimwambia Mama. "Pima kona hadi kona, kisha kona zile nyingine."

Mama alipima. Vipimo viwili vilivyopaswa kuwa sawa vilipishana milimita nne.

"Basi daraja limekaa mshazari," Milimita alisema. "Mikanda mipya aliifunga nani Jumatatu?"

"Mimi, Fundi."

Milimita alijikuna kidevu. "Nadhani tulikuharakisha. Kwa sasa rudi kwenye msasa. Nitamtafuta mwingine wa kuendesha mashine."

Mama hakubisha. "Labda nilikosea," alisema polepole. "Niruhusu nifungue kila kitu nianze upya."

"Kila kitu? Hiyo kazi ya kutwa. Na mwalimu yuko njiani."

Mama alifungua daftari lake la jioni, akapitisha kidole mstari kwa mstari, akilitafuta kosa lake. Chiriku alienda bombani, akarudi. Akaenda mlangoni, akarudi.

"Wewe, una mchwa miguuni?" Mama aliuliza bila kuinua macho. "Na mdomo wako leo umeuacha wapi?"

"Mama, usitafute humo."

"Humo wapi?"

"Kwenye daftari. Kosa haliko humo." Sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi. "Ni mimi. Nililisukuma daraja asubuhi. Peke yangu. Nilitaka kuwahi kamba."

Milimita alitoa penseli sikioni, akairudisha. Mama alifunga daftari.

"Upande gani?"

"Wa dirishani."

"Ulisikia nini?"

"Tak. Mara moja tu."

"Jino moja," Mama alisema, na tayari alikuwa ameshika spana. "Mkanda umeruka jino moja."

Hakufungua kila kitu. Alilegeza mkanda wa dirishani peke yake, akalirudisha daraja mpaka likagusa vizuizi vyake pande zote mbili, kisha akakaza. Akakata mlango mwingine. Chiriku alishika ncha ya tepu.

"Soma," Mama alisema.

Alisoma.

"Sasa kona zile nyingine."

Alisoma. Namba ilikuwa ileile. Akasoma tena, asiamini.

Saa nane na nusu mlango wa mwisho ulifungwa bila kukwaruza. Milimita alipitisha kucha kwenye ukingo wake.

"Jumatatu nikukute papa hapa kwenye mashine," alimwambia Mama. "Nilikulaumu kabla ya kupima. Uniwie radhi."

Mama alimvuta binti yake karibu, akamtoa maranda nyweleni.

"Kusukuma daraja kulichukua nukta moja," alisema. "Kilichokula asubuhi yetu ni kunyamaza kwako. Kila mtu huharibu, mwanangu, hata mimi. Lakini ukisema mapema, mwenye spana anajua pa kuanzia. Ukificha, anafungua hata visivyo na kosa. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mama. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Sasa kuna maranda mapya kule nyuma."

Uani wenzake walianza kuhesabu. Chiriku alichukua ufagio, akaizunguka meza, hatua kumi kamili, akiusimulia ufagio mkasa wote toka mwanzo.