Chai Aliyoikataa Mashavu

Basi la Handeni liliingia stendi ya Korogwe saa nne asubuhi likiwa jekundu kwa vumbi, na wa kwanza kushuka alikuwa Mhina, mwandishi wa mabango, amekumbatia debe la rangi. Utingo akampiga kikumbo, kifuniko kikachomoka, na rangi ya buluu ikaruka hadi kwenye gauni la fundi cherehani aliyeketi barazani pa duka la ushirika.

Gauni lenyewe lilikuwa la kitenge cha maua ya manjano, limebana kiunoni, mabega yamevimba kama maandazi. Mwenye gauni akalitazama doa, kisha akamtazama Mhina.

"Dada, nimekuharibia nguo."

"Hujaiharibu. Umeniongezea ua," alisema Mashavu. "Ila siku nyingine uniulize kwanza nataka la rangi gani."

Mhina alicheka mpaka akasahau debe lake la pili juu ya basi. Akataka kumnunulia chai kwenye kibanda cha Mama Agripina, ng'ambo ya barabara, kumwomba radhi. Mashavu akashukuru, akakataa.

Ulikuwa mwaka wa kampeni ya Mtu ni Afya. Redio zilihimiza watu wachimbe vyoo, na Mhina alikuwa ameitwa mjini kuandika mabango. Akaandika wiki sita, na kila siku akapata sababu ya kupita barazani. Alimwita Mashavu "ua langu la buluu". Naye alimwita "fundi herufi", akimtania kwamba R zake zina matege. Walipendana waziwazi, stendi nzima ikijua. Tatizo lilikuwa moja. Mhina alimletea chai, haikunywewa. Akaleta dafu, akapewa jirani. Akaleta soda, ikapata moto juani. Mchana mmoja alimpeleka kwa shangazi yake, Bi Hamisa, na glasi ya chai ya maziwa ikakaa mbele ya mgeni mpaka ikafanya utando.

"Anaiogopa mikono yetu, mwanangu," shangazi alisema baadaye, "au anaidharau."

Mhina akafunga brashi zake. Kesho yake akachukua kazi Handeni, akaondoka bila kuaga.

Angeuliza tu. Mashavu alizaliwa Mazingara, wakamwona mtoto wa kiume, wakamwita Sadala. Yeye alijijua ni msichana tangu alipoanza kujijua, na alipofika Korogwe na cherehani yake, alifika akiwa Mashavu. Stendi ilimzoea. Vyoo vya stendi ndivyo vilivyomshinda. Upande wa wanaume walimpigia miluzi, mmoja akamvuta kanga. Upande wa wanawake abiria mmoja alipiga kelele mpaka madereva wakaja mbio. Tangu siku hiyo alikunywa funda moja la maji alfajiri nyumbani kwake, basi, mpaka jua lizame. Midomo ikamkauka, kichwa kikamgonga, akashona.

Siku ya kumi baada ya Mhina kuondoka, alikwenda posta kupiga simu kwenye duka la Handeni alikokuwa akiandika. Laini ilikwaruza, ikabidi kupaza sauti.

"Umeondoka bila kuniaga, fundi herufi."

"Nimuage nani? Mtu anayeona kinyaa hata maji ya mkono wangu?"

Mashavu akaukaza mkono kwenye simu. "Mhina, nikinywa, niende choo kipi?"

Laini ikakwaruza tena.

"Umenisikia? Nikinywa, niende choo kipi?"

Karani akasema dakika tatu zimekwisha. Mashavu alipogeuka, foleni nzima ilikuwa imesikia, na wa mbele kabisa alikuwa Mama Agripina, barua mkononi. Akaacha foleni, akamfuata nje.

"Miaka mitatu unanishonea," alisema. "Nakuona kila siku, na hukuniambia una kiu."

Mhina alirudi na basi la kwanza.

"Kwamba uliitwa Sadala, niliambiwa siku ileile, hata debe la pili sijalishusha," alimwambia. "Halikunizuia kupita hapa. Kiu yako ndiyo sikuijua. Nisamehe, ua langu."

Vyoo vipya vya stendi, vilivyojengwa kwa kujitolea, vilikuwa vikingoja maandishi tu. Mhina akaahidi kumchimbia cha tatu, amwandikie jina lake mlangoni.

"Nitengwe kama mwenye ndui?" alisema Mashavu. "Mimi nataka kuingia wanakoingia mama zangu."

Mama Agripina, kiongozi wa akina mama wa stendi, alikuwa ameshawaza. Akamwagiza Mhina aandike ukutani, chini ya neno WANAWAKE, zamu za kufagia. Jumatatu Agripina, Jumanne Zamda, wakaenda hivyo.

"Na Alhamisi?" aliuliza Mhina, brashi hewani.

"Alhamisi Mashavu. Na aje na ufagio wake, wangu umevunjwa na Zamda."

Wapo waliokunja uso. Alhamisi ya kwanza abiria mmoja wa Mombo alisimama mlangoni akauliza huyu anafanya nini humu. Mama Agripina hakuacha kukaanga maandazi. Alimpazia sauti tu kutoka ng'ambo ya barabara, asome ukutani. Yule mama, aliyekuwa bado mgeni wa kisomo, akaweka kidole chini ya herufi.

"A-lha-mi-si. Ma-sha-vu."

Alifurahi mno kuyamaliza yote bila kukwama, hasira ikampotea. Akaingia, naye Mashavu akamsogezea ndoo ya maji asijikwae.

Alipomaliza kufagia, Mashavu alivuka barabara hadi kwa Mama Agripina. Mhina akamwekea glasi ya chai ya tangawizi. Akainywa yote. Akainywa ya pili, akainywa ya tatu, jasho likimtoka puani, Mhina akimtazama kama anayetazama mvua ya kwanza.

"Nataka chai ya asubuhi tuwe tunainywa nyumba moja," alisema Mhina. "Mimi na wewe, siku zote. Utanikubali?"

Mashavu akaweka glasi chini, akainuka ghafla, akakusanya gauni lake.

"Ngoja kwanza."

Akavuka barabara mbio, mlango wa WANAWAKE ukafungwa. Mhina akabaki amekodoa macho. Hata Mama Agripina akasahau andazi mafutani.

"Fundi herufi," sauti ikapaa kutoka ndani mpaka ng'ambo, "bado upo?"

"Nipo."

"Nimekubali. Niagizie ya nne."